Barua ya Novemba

Basi namba ishirini na mbili, Dundee, mvua ya ubavu.
Bibi mwenye mkoba wa maua ananiinamia:
"Wanakulipa vizuri, wazazi wake?"
Struan amelala pajani, mdomo wazi,
nywele rangi ya kutu ya bati,
udenda umeshachora ziwa kwenye sketi yangu.
Nikamjibu: "Hawanilipi. Nadaiwa."
Akacheka, akidhani ni mzaha.

Alikuja na mfuko mmoja na sungura asiye na sikio,
miaka mitatu na miezi miwili.
Mgeni siku mbili, walisema wahenga;
siku ya tatu nikampa mwiko badala ya jembe,
akakoroga uji mpaka ukaruka ukutani.
Doa lipo hadi leo. Mwakio anataka kulipaka rangi.
Nimemkataza.

Hakuna aliyenionya kwamba jua la Uskoti,
linalokuja kama mkaguzi, bila taarifa,
laweza kumbabua mtoto ndani ya saa moja.
Mimi mzaliwa wa Voi, ningejua nini
kuhusu krimu ya jua?
Alirudi kutoka bustanini mwekundu kama kamba wa kuchemshwa,
nikalia kumshinda.
Jirani wa chini, Senga, akapanda ngazi na chupa nyeupe:
"Masikio pia, kipenzi. Na nyuma ya magoti."
Senga. Kwa Waganda neno hilo ni shangazi.
Sikumwambia; kazi alikuwa ameshaianza.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana
ukumbini nyuma ya kanisa,
viti vya plastiki, chai isiyojua tangawizi.
Yupo Ailsa, ambaye binti yake ni mweusi kunishinda.
Yeye ananiuliza mafuta ya nywele,
mimi namwuliza mafuta ya jua,
tunabadilishana kibaba kwa kibaba kama wenye vibanda.
Kuna siku hatusemi lolote.
Mmoja analia, mwingine anasogeza boksi la tishu
bila kumtazama.
Nalo tumelihesabu kuwa mazungumzo.

Mahakamani walisema nimemuasili.
Nimeligeuzageuza neno hilo usiku, jikoni:
ndani yake mna asili,
na ukilikata mapema, mna kuasi.
Mjomba wangu kwenye simu: "Damu nzito kuliko maji, mwanangu."
Ndiyo, mjomba.
Lakini mtoto akiamka saa tisa za usiku na kiu
haombi damu.

Hapo nilijiona nimeshinda.

Kisha ikafika barua. Moja kwa mwaka,
kupitia ofisi, jina la ukoo limefutwa kwa wino mzito.
Mama yake.
Herufi kubwa kubwa, zimesimama mbalimbali
kama watu wasiojuana kituoni.
Hakuuliza shule. Hakuuliza kama ananiita mama.
"Bado anaogopa mashine za kukaushia mikono,
zile za vyooni?"

Nikakaa chini.
Faili lina kurasa mia mbili na kumi:
uzito, chanjo, meno, sahihi za wakubwa,
na hilo halimo.
Nilidhani ni mimi niliyeligundua,
siku ile dukani alipojificha ndani ya koti langu
akitetemeka kama simu isiyopokewa.
Kumbe kabla ya koti langu palikuwa na koti.

Nimeandika jibu mara nne; matatu yamo pipani.
Moja lilikuwa na majivuno. Moja lilikuwa na huruma,
nikaona huruma ndiyo mbaya zaidi.
La tatu sikumbuki.
Hili la nne ni fupi, nitalipeleka kesho
kabla sijapata akili:

Ndiyo, bado anaogopa.
Ila siku hizi mashine ikianza kunguruma
huziba masikio yangu kwanza.