Utando

Majirani wa Katuba wamesikia nina fedha.
Wanakuja kukopa.
Nawaonyesha chupa: fedha yenyewe ni maji,
na ikigusa ngozi huacha doa jeusi wiki nzima.
Wanaitazama mikono yangu, wanarudi kwao.

Kioo kina upana wa meza ya kulia bukari watu sita.
Fundi Mukalay alikichonga miaka minne,
akilizunguka pipa
hadi saruji ya sakafu ikalika.
Alikipaka mara moja. Akafa kabla hakijachakaa.

Sasa kimechakaa. Bomba refu la kiwanda
linatoa salfa, na salfa haichagui:
inakula mabati, inakula vifua,
imekula na kioo cha Fundi, pembeni kwanza, rangi ya chai,
kisha katikati.
Juni yote nyota zilinijia kama taa ndani ya mchuzi.

Hakuna kusugua. Utando ule ni mwembamba
kuliko neno lolote nililo nalo la wembamba.
Fedha yote iliyopo, uso mzima,
haifiki uzito wa punje tatu za mahindi,
na hiyo ndiyo inayorudisha mwanga.
Kioo, kilo tisini na kitu,
kazi yake ni kuishikilia isipinde.

Asidi, basi. Pamba. Nilianza kati nikaja nje,
na ukingoni, upande wa dirisha,
nikakuta dole gumba.
Lake. Aligusa kabla ya kupaka,
mafuta ya kidole yakaikataa fedha;
mistari yote ipo, hata kovu la patasi.
Yeye!
Aliyenikataza kupumua juu ya kioo.
Aliyenifukuza siku nzima kwa unywele mmoja.

Nikakaa juu ya ndoo.
Sehemu ndogo hivi, nikawaza, niiruke?
Nyota haitapungukiwa na kitu.

Lakini asidi haingoji mtu awaze.
Ilikuwa imeshatiririka.

Umeme ulikatika tangu Jumanne, na kazi hii haiuhitaji.
Nitrati, amonia, sukari mwishoni.
Maji yakawa kahawia, yakawa meusi,
kama kwamba kila kitu kimeharibika.
Hapo ndipo mkono usiache kutikisa.
Dakika ya nne, toka chini ya weusi,
uso wangu ukapanda, mkubwa kupita kiasi, pua tupu.
Mabaki nikayamwaga palepale:
ukiyalaza yakakauka, hulipuka.
Hilo nalo ni somo lake,
halikuacha alama popote.

Nimeielekeza darubini kusini.
Kundi la Omega Kentauri: punje, punje, punje,
hakuna mchuzi.

Kisha upepo umegeuka, unatoka kiwandani.
Nafunika, nahesabu.
Miezi kumi na minane. Mvua zikiwa nzuri, ishirini.