Daftari la Stoo

Mkuu mpya, nimeambiwa nikukabidhi ufunguo
na daftari hili. Mchwa wamelila
tangu jalada mpaka mwaka wa sabini na moja;
ya kabla ya hapo yapokee mdomoni mwangu,
ingawa mdomo nao una mchwa wake.

Tulianza na uwanja wa kuazima.
Siku ya mchezo wa ng'ombe haukuwa wetu;
kesho yake tukizoa mavi kwa makoleo
ndipo tuchore mistari, kwa jivu la jikoni.
Tufe letu lilikuwa jiwe la mizani
la kituo cha karafuu, ratili kumi na sita.
Msimu ukifika jiwe likarudi kituoni,
na warushaji wakarudi kwao kuchuma.
Ndiyo maana miaka ya mavuno mema
utakuta kurasa tupu.
Kisiwa kikipata, sisi hatukimbii.

Njia aliipima Mwalimu Dadi Khatib.
Kona ya pili akakuta mkarafuu wa Bi Time Ngwali,
akaomba ukatwe.
"Wewe una wanafunzi arubaini," Bi Time akamwambia,
"mie nina mti mmoja."
Njia ikapinda, ikauzunguka, ikaendelea.
Mwalimu akaandika: mita mia nne.
Nani angebisha?
Utepe wa kupimia ulikuwa wa fundi cherehani.

Bikombo Shaame alikuja na sanduku la bati
kutoka Makangale, mwaka wa sabini na tisa.
Akikimbia na suruali chini ya sketi,
mtandio kaubana kwa pini tatu.
Siku moja baba yake akasimama kona ya pili na bakora.
Tukasema, leo basi.
Kumbe kaja kuwafukuza wavulana
waliokaa pale kucheka.

Tukampeleka Unguja.
Alitapika tangu Mkoani hadi bandari ya Malindi;
asubuhi akavaa raba za kuazima,
kubwa kwa namba mbili, kazijaza sufi.
Mzunguko mmoja. Akakata utepe, wa kwanza,
na hakusimama.
Akaendelea, utepe unapepea kifuani,
mbio zile zile, meno yameumana,
hatua nane, tisa, kumi,
na jukwaa zima likaangua kicheko:
"Mpemba huyo, hajui kama kamaliza!"
Kwenye meli ya kurudi hakusema neno.
Kikombe ni kile chenye mkono mmoja, kabatini.
Wa pili ulivunjika tulipokipimia mchele
wa hitima ya Mwalimu Dadi.

Sasa sikiliza.
Mwezi uliopita walikuja vijana wa upimaji
na chombo chao cha miguu mitatu.
Wakapima. Wakatazamana. Wakapima tena.
Mia nne na kumi na mbili.

Miaka yote ile tukisikia redioni
muda wa watu wa bara, wa Unguja,
tukishusha sauti.
Tukajiita wazito. Tukalaumu muhogo.
Na miguu ya Bikombo ilikuwa inajua hesabu
ambayo sisi wenye kalamu hatukuijua.

Wale vijana wakaniambia, sahihisha.
Nikafungua kalamu, nikaifunga.
Kila jina lililomo humu lililipia ule mti.
Wenyewe ulikauka zamani, hata kisiki hakipo,
lakini jana jioni nimewatazama wanafunzi wako:
wakifika pale wanapinda,
wote, hata wale wa mwaka wa kwanza.

Haya, tuhesabu mali.
Tufe la chuma, moja.
Mikuki miwili, mmoja hauna ncha.
Saa ya kupimia, imesimama.
Vijiti vya kupokezana, vya mpera:
nilipokea vinne, narejesha vitatu.
Cha nne anacho Bikombo, Makangale,
anasukumia chapati.
Nimekwenda mara tatu kukidai.
Mara tatu nimekula, nimerudi.