Bei ya Kipa

Ligi yetu haina simu wala nenosiri.
Ina daftari moja la kaunta, jekundu mgongoni,
linalolala chini ya cherehani ya Eliaichi
hapa Pasua, Moshi, karibu na mashine ya kusaga,
na atakaye kujiunga analeta elfu mbili
na jina la timu lisilomtukana mama wa mtu.

Tulikuwa kwenye ile ya simu miaka mitatu.
Tulinunua watu ambao hatujawahi kuona vumbi lao,
tukaamka usiku kuulizia goti la mgeni wa Ulaya,
mpaka Nderingo akasema, kijiko cha mtori hewani:
"Huyu Shafii wa mayai, winga ya kushoto,
anakimbia mbele ya macho yetu kila Jumamosi.
Nani amewahi kumpa pointi?"

Ndiyo ikaanza.
Kila mmoja milioni mia, za hewani.
Wachezaji kumi na mmoja kutoka timu nane za mtaa,
wasizidi watatu wa timu moja.
Nahodha pointi mara mbili.
Kadi ya njano inakukata moja, nyekundu tatu.
Kumfukuza refa hadi mferejini: hapo tulibishana siku mbili.
Mama Nakijwa wa duka la dawa, asiyekosa mechi,
alitaka pointi kwa beki anayemwinua aliyemwangusha.
Tulicheka.
Kisha tukaandika.

Kupanga bei ndiko kulikotutoa jasho.
Kumwandika jirani kwa tarakimu
si sawa na kumwandika mgeni.
Shafii, kumi na mbili.
Kimambo fundi rangi, sita; saba akiwa hajanywa.
Pacha wa kwa Mrina, bei moja, wasije wakagombana.
Aminieli, kipa wa Mfereji,
Eliaichi alimwandika mbili
na penseli haikusita.

Siri ya kijiwe ni kama suruali isiyopigwa pindo.
Jumanne Shafii alishaegesha baiskeli na matrei yake
akitaka kujua kwa nini si kumi na tatu.
Alhamisi, mvua ikishuka kutoka mlimani,
akaja Aminieli.
Hakupiga hodi. Aliujaza mlango,
mikono ile ya kuchomelea mageti
ina makovu ya cheche hadi kwenye viwiko.
"Nani kaniandika mbili?"

Cherehani ikanyamaza.
Nderingo akagundua ana kazi ya kuhesabu vifungo.
Mimi ndiye mweka hazina, ikabidi niseme:
"Ni hesabu tu, kaka. Mabao kumi na manne, mechi tano."
"Kumi na matano," akasema.
"Lile la kona mmelisahau."

Akatoa elfu mbili iliyokunjwa mara nne,
akavuta kigoda, akaomba kalamu.
Alichagua kwa muda mrefu kuliko sisi sote.
Huyu kafiwa juzi, akasema, atakuja lakini hatakuwepo.
Huyu ana zamu ya usiku kiwandani, atakuwa mzito.
Huyu anaogopa mpira wa kichwa tangu ashonwe,
tazameni macho yake.
Mambo ambayo daftari halikuwa na safu yake.
"Nyinyi mnawaona ubavuni," akasema.
"Mimi wananijia usoni."

Nafasi ya kipa aliiacha mwisho.
Tulijua atajinunua: mbili, bei ya chee.
Akamwandika kipa wa Kiboriloni, kwa tano.

"Na wewe je?" Mama Nakijwa akauliza.
"Mimi najijua," akasema, akiirudisha kalamu.

Jumamosi alidaka penalti mbili.
Ya pili aliifuata kwenye tope kwa kifua,
akabaki ameukumbatia mpira hata filimbi ilipolia,
kama mtu aliyeokota noti akisubiri mwenyewe apite.
Pointi kumi na sita,
na hakuna aliyekuwa naye.
Hata yeye.

Jioni alipita dukani, tope likikauka kwenye nyusi,
akalifungua daftari bila kuomba,
akaweka kidole juu ya jina lake.
"Pandisheni," akasema.
"Ila msizidishe tatu.
Wiki ijayo nataka kujinunua."