Mkasi wa Julai

Marehemu Luhwago hakuukata mzabibu huu.
"Mti unaozaa haukatwi," alisema,
akauacha ujigubike kama mgonjwa wa homa;
kila masika ubwiri ukaingia,
unga mweupe juu ya majani,
zabibu zikapasuka kabla ya kuiva.

Leo, Tosamaganga, baridi hii,
nangoja umande ukauke.
Nafuta mkasi kwa spiriti.
Nakata. Nabakiza macho mawili kila tawi.
Majani ya mwaka jana nayachoma, yote.

Shemeji Gaudensi yupo ukutani:
"Umeuvua nguo mti wa kaka!"

Sijibu.
Upepo wa bondeni umeingia kwenye fito,
umetokea upande wa pili
bila kupiga hodi.

Jioni namwona anainama,
anaokota vijiti viwili,
anavificha ndani ya koti.