Wa Nyuma Ndiye Hajui

Shazili kaleta gari lake la rimoti
mezani kwangu, Ligula, nyuma ya soko,
limefungwa kanga kama mgonjwa.
"Halina breki?"
"Breki linazo, fundi. Wa nyuma ndiye hajui."

Wa nyuma ni kuku wawili
na Nangumbi, mdogo wake, miaka minne,
anayelifukuza mpaka ajigonge muundi.

Tukachokoa taa mbili kwenye tochi iliyokufa,
nyeupe. Tukazipaka rangi ya kucha ya dada yake,
mikono miwili, tukasubiri ikauke.
Waya tukauchuna kwenye hedifoni.
Kazi ikawa hii: gari litajuaje
kwamba linasimama, si kwamba linapumua?

Jioni mbili hizo. Risasi ikaniunguza kidole gumba.
Mwisho tukakata bati la kopo la maziwa,
ulimi mwembamba kama ganda la kitunguu,
tukaupachika pale kimkono cha mota kinaporudi:
kikirudi kinagusa,
kikigusa moto unapita.

Jaribio la kwanza, taa zikawaka likienda,
zikazima liliposimama.
Shazili akacheka hadi akakaa chini:
"Lori la mjomba hilo! La korosho, la Newala!"
Nikageuza ulimi.

Usiku umeme ukakatika, ndiyo kawaida yake.
Akaliendesha uani kwa kusikia tu,
mota ikivuma gizani, ikikaribia, ikienda,
kisha breki:

nukta mbili nyekundu,
na katika wekundu ule
vidole vya miguu ya Nangumbi,
vimesimama navyo,
shubiri moja nyuma.