Deni la Mwadime

Mwadime alihama usiku. Miezi mitatu hajalipa.
Aliniachia ufunguo juu ya mita ya stima
na ndoo ya rangi iliyopasuka mdomo,
ndani yake kitu kinaota.

Sikukitazama. Nani wa kutazama majani
na daftari la kodi liko wazi mezani?
Nilikimwagia maji ya kuoshea mchele
kwa kuwa ndoo ilikuwa njiani, basi.

Kaskazi ikaja, Tudor ikawa tanuri,
waridi langu la kununua likafa na jina lake zuri.
Kitu cha Mwadime kikanifika kiunoni,
kikachanua.

Buluu. Si ya bahari, hiyo tumeizoea hata hatuioni.
Buluu ya wino uliovujia mfuko wa kanzu,
na kikombe kinachoshika ua ni cheusi, cheusi tii,
kama kwamba ua limejitanda buibui
likasahau kufunika uso.

Nikaanza kuuliza.

Mishi wa nyumba ya pili alisugua jani, akanusa:
"Kivumbasi hiki. Chafukuza mbu."
Mbu walimcheka usiku kucha.
Shangazi Mwanakheri akasema ni mrehani wa kizungu;
kwake yeye, kisichoeleweka chochote ni cha kizungu.

Mwalimu Lewa, aliyefunza sayansi hadi macho yakamkatalia,
hakusema kitu. Alilishika shina kwa vidole viwili,
akavizungusha polepole. "Hebu shika. Hesabu."
Nikashika.
Pembe nne.
Miaka sitini na mmoja naishi duniani
sikujua kuna shina la mraba,
mguu wa meza uliojiotea wenyewe.

"Ukoo wa mnaanaa," akasema, "wengi wao wana pembe.
Na majani hukabiliana, mawili mawili. Sasa tazama mdomo."
Ulikuwa midomo miwili: wa juu umepinda kama kofia iliyovutwa mbele,
wa chini umening'inia, mtoto aliyenyimwa sambusa.
Akatwaa njiti ya kiberiti, akaisukuma kooni,
na kutoka juu, wallahi, kijiti chembamba kikainama,
kikaigusa njiti mgongoni, kikaipaka unga.
"Mgeni akiingia hugongwa muhuri," akasema.
"Kama pasipoti."

Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shuka.
"Salvia. Ya aina gani, usiniulize.
Nizijuazo mimi ni zile nyekundu za bustani za hoteli.
Hii ni ya mahali pa baridi.
Hapa haikupaswa kuishi."

Salvia.
Nililitamka jikoni, peke yangu, sufuria zikisikiliza.
Ni kama mtu ameanza kusema salama
akakatizwa.

Asubuhi ya pili alikuja chozi,
ndege, namaanisha, yule mdogo wa mdomo wa sindano.
Alining'inia kwenye ua, akanywa, akanitazama,
akaendelea kunywa. Hakuniomba ruhusa wala kodi.
Nilimsimamia na ungo mkononi
mpaka mchele ukaingia jua.

Juzi Mwadime alipiga simu. Nilikuwa na maneno yangu,
nimeyapanga tangu Novemba, makali kwa makali.
"Bi Shekue," akasema, "ile ndoo... bado i hai?"
Nikamwambia i hai. Nikamuuliza aina yake.
Akanyamaza hadi nikadhani salio limemwishia.
"Sijui. Kule kwetu Wundanyi iko nyuma ya jiko.
Mama akiiita *ile ya buluu*.
Nilikata kitawi siku tuliyomzika."

Maneno yangu sikujua niyaweke wapi.

Nimefungua daftari. Kwenye mstari wake,
Septemba, Oktoba, Novemba, pale pa kuandika shilingi,
nimeandika: maua kumi na moja.
Jumla sijaipiga.
Na kitawi kimoja nimekitia kwenye gilasi ya maji, dirishani.
Kikitoa mizizi, aje akichukue.
Akija mikono mitupu,
tutasemezana.