Mvumo wa Ghorofa ya Saba

Bwana Ireneusz amenipangia mezani soketi nne
juu ya kitambaa cheupe, kama meno yaliyong'olewa.
"Sikiliza hii," anasema,
anaitikisa karibu na sikio langu.
Soketi haisemi. Nimefunga maelfu
katika maghorofa ya Łódź, tangu nikiwa mwanagenzi
nikibebeshwa ngazi na wanaume wasioitikia salamu,
na sijasikia hata moja ikitamka neno.

Ya kwanza imepakwa dhahabu.
Ya pili ni ya hospitali: ikiuma plagi, imeuma, kama kupe.
Ya tatu imetoka Japani ndani ya kijisanduku cha mbao
na karatasi isemayo itahitaji saa mia mbili kuuzoea umeme.
Kuuzoea!
Mimi mwaka wa ishirini na mbili huu, bado haujanizoea.
Ya nne ni ya duka la hapo chini, bei ya mkate.

Sibishani. Nafungua kisanduku cha ukutani
nakuta nilichotarajia:
alumini ya zamani, nyaya mbili tu, za kijivu,
zimechoka kama kamba za viatu.
Pinda mara tatu, unabaki na kipande mkononi.
Waya wa ardhi hakuna. Jengo zima halina.
Waliojenga walikuwa na haraka,
na watu walikuwa wanangoja nyumba.

Namwambia: dhahabu iweke mfukoni.
Kwanza shaba, milimita mbili na nusu,
nyaya tatu, wa tatu manjano na kijani,
kutoka kwenye mita hadi chumba hiki
bila kupiga hodi jikoni wala bafuni.
Amplifaya na santuri vinywe kisima kimoja,
la sivyo vitasengenyana kupitia ardhini
na umbea wao utausikia kwenye spika.

"Na ukuta?"

Ukuta tutauchana.

Siku mbili za vumbi. Ameshika bomba la kufyonza chini ya drili yangu,
mzee wa miaka sabini na minne, kimya.
Sikio la kushoto aliliacha kiwandani
kati ya mitambo ya kufuma. Spika mbili, sikio moja.
Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza.

Siku ya tatu nawasha.
Mvumo uko palepale.

Uso wangu ukawaka kuliko balbu.
Tukazunguka nyumba tukichomoa: friji, chaja, redio ya jikoni,
mpaka tukafika kwenye taa ndogo kando ya kiti chake,
ile yenye kitufe cha kufifisha mwanga,
anayosomea majalada ya santuri.
Kikulacho, nikasema moyoni.
Nikaichomoa.

Basi kimya kikaingia, kikakaa.
Tukasikia lifti ikishuka. Tukasikia maji ndani ya bomba la joto.
Juu yetu ndara zikaburuzwa,
kisha kikohozi, kirefu, cha chini,
kama mtu anayesogeza kabati peke yake.

"Bi Wacława," akasema, ameinua sikio lake la kulia.
"Tangu lini anakohoa hivi?"

Santuri ilikuwa inazunguka, sindano angani.
Akavaa koti juu ya vumbi, akachukua asali kabatini,
akapanda.

Nikafunga ile ya hospitali.
Hakuwa ameichagua. Nikakaza skrubu ya mwisho,
nikaketi kwenye kiti chake kungoja malipo,
spika zimewaka, hazisemi kitu.